Karatasi za Tumainieli

Baragumu lililia mara tatu kabla ukungu haujaonyesha hata mti mmoja.

Kijiji kizima cha Mhezi kilijua maana yake. Ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu, kila mtu atoke na jembe, kazi ya wote ifanywe na wote. Eliaichi alijifunga khanga kiunoni, akachukua jembe la mumewe, akatia kufuli mlangoni, akatoka. Ilikuwa Jumatano, siku ya thelathini na nane tangu amzike Tumainieli.

Aliporudi saa saba mchana, komeo lilikuwa limeng'olewa pamoja na misumari yake. Ndani, kuku wawili walikuwa wanatembea juu ya kitanda. Redio ilikuwepo. Cherehani ilikuwepo. Gunia la maharage halikuguswa. Lakini chini ya kitanda, katikati ya vumbi, palikuwa na mstatili wa sakafu safi, ukubwa wa sanduku.

Eliaichi hakupiga yowe. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya ule mstatili.

"Wameiba maneno ya mume wangu," alisema, na hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Inspekta Fortunata Msofe, mpelelezi kutoka Kituo cha Polisi Same, alifika saa kumi. Kwenye kona ya mwisho gari liliyumba juu ya mawe mapya yaliyojazwa asubuhi ile, likapita. Sajenti Hamidu, mzaliwa wa Pangani, alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili.

"Afande, hawa watu walifuata nini juu huku?"

"Maji, Hamidu. Na kuwakimbia watu wa pwani kama wewe, enzi za utumwa."

Walipiga picha eneo la tukio. Hamidu alipaka unga kwenye komeo, akamulika tochi, akatikisa kichwa. Hapakuwa na alama ya kidole hata moja.

"Alivaa kitu mkononi," alisema.

"Na hakutafuta," Fortunata alijibu. "Tazama. Hakufungua kabati, hakupekua godoro. Alikuja kuchukua sanduku, akajua lilipo, akaondoka nalo. Huyu amewahi kukaa ndani ya nyumba hii akanywa chai."

Mjane aliwakaribisha kwenye viti vya nje.

"Mama, pole kwa msiba, na pole tena kwa hili."

"Nimeshapoa."

"Sanduku lilikuwa na nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Niliona nguo, na furushi ambalo sikuwahi kusoma kilichomo. Lenyewe ni la bati, la buluu, alisomea nalo bweni. Lilikuwa na kufuli kubwa. Ufunguo tulimzika nao bila kujua, ulikuwa kwenye mfuko wa koti lake. Na kwetu sanduku la marehemu halivunjwi mpaka ukoo ukae. Kikao ni Jumapili hii."

"Unadhani lilikuwa na nini, basi?"

Eliaichi alitazama mikono yake.

"Siku chache kabla hajafa, hospitali, aliniambia, 'Karatasi zetu zimo sandukuni. Shamba la chini msiliguse.' Nikamuuliza karatasi gani. Nesi akaja kubadilisha dripu, mume wangu akapitiwa na usingizi. Tangu hapo najiuliza. Mtu anayekwambia usiguse shamba, ameacha kitu kingine cha kukushika. Nikawaza bima. Bima ya maisha."

"Hakuwahi kukutajia?"

"Huku mwanamume hataji kifo chake mbele ya mke. Ni kama kukiita mlangoni."

"Ulimuuliza nani?"

"Shemeji Nathanael. Nathanael Mgonja, mwenye duka la pembejeo Hedaru. Amekuwa rafiki wa mume wangu tangu darasa la kwanza, na ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu Jenifer. Mimi ofisi sizijui. Alizunguka Same, akafika hadi Moshi. Akarudi, akanishika mkono, akasema, 'Shemeji, nimeuliza kampuni zote. Jina lake halipo popote.'"

"Na hilo shamba la chini?"

"Ndilo la tangawizi. Ndilo linalotulisha. Hospitali inadai, na Gadiel, mdogo wa marehemu, anasema liuzwe. Mnunuzi ameshakuja kulipima kwa hatua zake. Pasipo karatasi, Jumapili linauzwa."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Msaragambo. Tulitoka ili tukasafishe ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Tulipofika tukaambiwa mvua imekata barabara na lori la tangawizi limekwama. Mzee Sifael, ndiye mkubwa wa kazi na ndiye mpiga baragumu, akasema matope ya ndiva yatangoja wiki ijayo. Tukashuka wote barabarani kujaza mawe, mpaka saa sita."

Fortunata aliandika. Aliyevunja mlango alijua kwamba baragumu likilia, nyumba zote zinabaki tupu.

Gadiel Mbwambo alikutwa kwenye kibanda cha mbuzi. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kugombana hata akisalimia.

"Najua mmekuja kwangu kwanza. Mimi si ndiye nataka shamba?"

"Ulikuwa wapi asubuhi?"

"Barabarani, nabeba mawe. Tazama!" Alinyoosha viganja vilivyochubuka. "Muulizeni Mzee Sifael, ana daftari. Asiyefika anatozwa faini."

"Kwa nini unataka kuuza shamba la watoto wa kaka yako?"

"Nataka? Nani kasema nataka? Nimeweka pikipiki yangu rehani ili maiti ya kaka itoke mochwari. Walioimba kaburini walikuwa mia mbili. Walioweka kitu mezani ni mimi peke yangu! Lakini kwa kuwa nasema kwa sauti, mimi ndiye mwizi. Wezi wanaonong'ona hamwaoni."

Daftari la Mzee Sifael lilimtetea. Jina la Gadiel lilikuwa la tatu, na mashahidi kumi walimwona akisukuma lori.

"Mkali kama pilipili," alisema Hamidu walipokuwa wanashuka.

"Lakini hana hatia," alisema Fortunata. "Maneno yake ya mwisho yamenikaa."

Alhamisi, ofisini Same, Fortunata alituma jina la marehemu, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho kwa kampuni zote zenye bima ya maisha. Majibu yalirudi moja moja, na yote yalikuwa na neno lile lile: hayupo. Kampuni ya mwisho ilikuwa Ngao ya Jamaa. Karani wake wa Moshi, kijana aliyejitambulisha kwa jina la Rodrick, alipiga simu mwenyewe.

"Afande, nimerudia mara tatu. Tumainieli Mbwambo hayumo. Hajawahi kuwemo."

Hamidu alifunga faili. "Basi tunafukuza hewa. Hakuna bima, hakuna sababu ya kuiba."

"Komeo halijing'oi lenyewe, Hamidu." Fortunata alirudisha simu sikioni. "Rodrick, huku Same Kusini wakala wenu ni nani?"

Palisikika sauti ya vidole kwenye kompyuta.

"Tunaye mmoja, wa siku nyingi. Nathanael Mgonja, wa Hedaru. Bado yumo kwenye orodha, ila ni miaka tisa sasa hajatuletea mteja hata mmoja."

Kalamu ya Fortunata ilisimama.

"Wakala akipokea fedha za mteja, akampa stakabadhi, asizilete kwenu?"

"Siku hizi kila mteja analipa kwa namba yake ya malipo, afande. Ila zamani, vijijini, walipokea mkononi. Kwa sheria, stakabadhi ya wakala wetu ni stakabadhi yetu. Kama ipo."

"Kama ipo," Fortunata alirudia polepole, akakata simu.

Alisimama dirishani. Nje, milima ilikuwa imejifunika, kijani juu, kahawia chini.

"Amemzungusha mjane kampuni zote za nchi," alisema. "Akasahau kumwambia kwamba moja ya kampuni hizo ni yeye mwenyewe."

Duka la Nathanael lilitazama barabara kuu pale Hedaru, lina paa la mabati, linanuka mbolea na dawa ya mifugo. Mwenyewe alikuwa mnene, mpole, mwenye macho ya mtu anayelia haraka. Kabla hawajakaa alikuwa ameshafungua soda mbili.

"Karibuni, karibuni. Ni habari za nyumba ya Tumainieli? Nimesikia jana usiku kwa simu. Wizi kwa mjane! Watu wamekosa haya."

"Mlikuwa marafiki," alisema Fortunata.

"Ndugu, afande. Mimi ndiye niliyeanzisha wimbo pale kaburini. Nilibeba jeneza upande wa kichwa."

"Jumatano asubuhi ulikuwa wapi?"

"Mhezi huko huko! Mama yangu ni mzee, hatoki kitandani. Nilipanda Jumanne, Jumatano nikaenda msaragambo kwa niaba ya nyumba yake."

"Mlifanya kazi gani?"

"Ndiva. Tuliisafisha vizuri sana, tukatoa matope yote. Sasa haitaguswa tena mpaka mwakani."

Hamidu alifungua mdomo. Fortunata alimkanyaga kiatu chini ya meza, Hamidu akakimbilia kunywa soda.

"Wewe ni wakala wa bima?"

Nathanael alipangusa kaunta iliyokuwa safi.

"Zamani. Niliacha. Huku bima haina soko, afande. Ukimtajia mtu kifo chake anadhani unamroga."

"Tumainieli hakukata kwako?"

"Angekata, ningejua. Mjane nimemwambia ukweli. Jina lake halipo. Nendeni mkaulize."

"Tumeuliza."

"Eeh?"

"Ni kweli. Halipo."

Mabega ya Nathanael yalishuka kama mtu aliyetuliwa gunia. Fortunata aliyaona yakishuka. Alimshukuru kwa soda, akatoka.

Kwenye gari Hamidu alilipuka. "Afande! Watu wote walikuwa barabarani! Amedanganya mchana kweupe! Mbona hatukumkamata?"

"Atasema alichanganya siku, na wakili wake atamsifu. Uongo wake hautoshi, Hamidu, nataka sanduku. Ulisikia alivyomaliza?"

"Kwamba haitaguswa mpaka mwakani."

"Kuna mtu alimuuliza itaguswa lini?"

Hamidu alitazama milima, kisha akamtazama bosi wake. Akapiga paja lake kwa kiganja.

"Mama yangu! Limo majini."

Jioni hiyo hiyo walipanda tena. Mzee Sifael alikuwa anasugua baragumu lake kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti wa Msofe. Umerudi na gari la serikali, lakini viatu bado vya mjini."

"Naomba ndiva isafishwe kesho."

"Ni wiki ijayo. Tulikubaliana wote."

"Najua."

"Baragumu hili halilii kwa amri ya polisi, mwanangu. Wajerumani waliliacha, Waingereza waliliacha, sasa wewe?"

"Si amri. Lilie kwa ajili ya Tumainieli."

Alikiweka kile kitambaa mfukoni.

"Mfereji wa chini aliuchimba yeye," alisema. "Litalia alfajiri."

Ijumaa asubuhi Hamidu alimchukua Nathanael dukani. Alimwambia tu kwamba Inspekta anahitaji rafiki wa familia awepo wakati wa upekuzi. Nathanael alivaa koti la mazishi, akaingia garini bila ubishi. Njia nzima alizungumza: bei ya tangawizi, mvua, utukutu wa Gadiel. Walipoifikia kona yenye mawe mapya, aliyatazama.

"Barabara hii wameitengeneza lini?"

"Jumatano," alisema Hamidu. "Wakati wa msaragambo."

Nathanael hakuzungumza tena. Juu, ukungu ulipofunguka, aliona watu wa kijiji kizima wamesimama kuzunguka ndiva, majembe mabegani.

"Wanafanya nini?" aliuliza.

"Wanasafisha ndiva," alijibu Fortunata, aliyekuwa akimngoja kando ya njia.

"Lakini tulishaisafisha."

"Nyinyi na nani, Nathanael?"

Mzee Sifael alitoa ishara. Vijana wawili walizibua tundu la chini, na maji yakaanza kukimbia mferejini kwa kishindo. Bwawa lilishuka kiganja kwa kiganja. Yalionekana majani, kisha matawi, kisha matope meusi ya mwaka mzima. Eliaichi alisimama ukingoni amekunja mikono. Hakuwa ameambiwa lolote. Nathanael alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, na mjane alipomwona alimwamkia kwa kichwa kama kawaida, kwa heshima ya mfiwa.

Ndipo kona ya buluu ilipotokeza.

"Asiguse mtu!" alisema Fortunata. Hamidu alipiga picha tatu. Kisha Gadiel akaingia matopeni hadi mapajani, akalivuta sanduku la kaka yake, akalibeba kifuani kama mtoto, akaliweka miguuni pa shemeji yake Eliaichi. Mwanamume yule mwenye kelele alikuwa analia bila sauti.

Kufuli lilikuwa zima. Lilivunjwa kwa nyundo mbele ya mashahidi. Ndani, maji yalikuwa yameingia, nguo zimeloa. Lakini chini yake palikuwa na furushi lililofungwa kwa nailoni tabaka juu ya tabaka, likakazwa kwa mpira wa baiskeli, kama wakulima wa pale wanavyohifadhi mbegu zisioze. Fortunata alivaa glavu, akalifungua.

Karatasi zilikuwa kavu.

Ya kwanza ilikuwa fomu ya bima ya maisha, Ngao ya Jamaa, mnufaika Eliaichi Mbwambo, mke. Nyuma yake kulikuwa na stakabadhi, moja kwa kila msimu wa kuuza tangawizi, miaka tisa. Kila moja ilikuwa na muhuri na saini ile ile.

"Saini hii ni ya nani, Nathanael?"

Nathanael alitazama matope.

Fortunata alisoma tarehe ya stakabadhi ya mwisho kwa sauti. Eliaichi aliinua kichwa.

"Isome tena."

Fortunata aliisoma tena.

"Siku hiyo alikuwa wodini," alisema Eliaichi. "Aliniomba suruali yake ya shamba, akasema kuna kitu mfukoni. Kisha akanituma nikatafute maji ya moto. Shemeji, wewe ulikuwepo. Ulimletea machungwa." Alimsogelea. "Uliyamenya mwenyewe. Nami jioni akanipa bahasha, akasema niitie kwenye lile furushi la mpira bila kuifungua, kisha nimrudishie ufunguo. Nikatia. Sikuifungua, kwa sababu yeye alisema nisiifungue."

Majembe yote yalitulia. Maji peke yake ndiyo yaliyosikika.

"Nathanael Mgonja," alisema Fortunata, "uko chini ya ulinzi kwa kuvunja nyumba na kuiba, na kwa wizi wa wakala. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi."

"Andika," alisema Nathanael. Alikuwa ameketi chini bila kujua, koti la mazishi kwenye matope. "Andika, afande, nimechoka. Fedha ya kwanza nilimaliza nayo kuezeka duka. Nilijiambia nitairudisha msimu unaofuata. Msimu ukafika, akaleta tena. Angejuaje? Alikuwa haulizi. Alikuwa ananishukuru! Kila mara nilitaka kumwambia, na kila mara ananishukuru, basi nashindwa."

"Miaka tisa?"

"Nilijua nitatangulia mimi. Mimi nina sukari, nina presha. Yeye alikuwa anapanda mlima huu na gunia anaimba. Nani angefikiri? Nilijua nitakufa kwanza, na mambo haya hayatanikuta hai."

"Na wodini je?" aliuliza Eliaichi. "Wodini ulimwona anavyokwenda. Kwa nini ulipokea?"

Nathanael alifunika uso.

"Ningekataa, angeuliza kwa nini."

Hamidu aliacha kuandika, akatazama pembeni, kisha akaendelea.

"Sanduku," alisema Fortunata.

"Nililisikia baragumu, nikajua watakuwa ndivani wote. Nililichukua, lakini sikuweza kuteremka nalo kwenye gari, sanduku hili kila mtu hapa analijua. Kulivunja ni kelele, na mama yangu yuko ndani. Nililificha migombani, giza lilipoanza kuingia nikalitupa, nikateremka usiku ule ule bila hata kuiona barabara. Niliona ndiva imejaa, nikadhani mvua imeijaza baada ya usafi. Nilipiga hesabu kwamba mpaka mwakani karatasi zitakuwa uji."

"Ungekuja msaragambo ungejua," alisema Mzee Sifael. "Kazi ya wenzako hukuwahi kuipenda tangu utoto."

Hamidu alimfunga pingu. Fortunata alizirudisha karatasi kwenye nailoni yake, akaandika namba ya kielelezo, kisha akamgeukia mjane.

"Mama, jina la mumeo halikuwa kwenye vitabu vyao kwa sababu huyu hakulipeleka. Lakini alilipa, na stakabadhi ya wakala wao ni stakabadhi yao. Leo hii napeleka nakala kwa kampuni na kwa wasimamizi wa bima. Watabishana kidogo. Hawataweza kuikana saini."

"Jumapili hakuna kuuza," alisema Gadiel, akipangusa uso kwa mkono wa matope. "Atakayetaja shamba la chini kwenye kikao ataanza na mimi."

Eliaichi hakuonekana kama mtu aliyepata kitu. Alimfuata Nathanael hadi mlangoni mwa gari. Watu wakampisha.

"Shemeji, nisamehe," alisema Nathanael. "Kwa ajili ya Jenifer."

"Jenifer usimtaje." Alizungumza taratibu, ili kila mtu pale ukingoni asikie. "Siku ya mazishi ulikaa benchi la mbele, ukalia kuliko mimi, nami nikakupa leso yangu. Sasa sikiliza. Nakuahidi mbele ya hawa wote. Kila siku ya kesi yako nitateremka Same, mvua inyeshe, barabara ikatike, nitateremka. Nitakaa benchi la mbele. Sitatukana, sitalia. Nitakutazama tu, Nathanael, mpaka siku utakayoweza kunitazama na wewe."